Kutengeneza kwa Mkono Vipande vya Antena ya Redio ya Ridhaa: Kitovu, Choki, Vihami na Koili

Antena ya dipoli ni nyaya mbili zilizonyooshwa hewani, na mtu yeyote mwenye futikamba anaweza kuzikata kwa urefu unaotakiwa. Kinachoamua kama antena hiyo itadumu msimu mmoja au miaka kumi ni vipande vidogo vinavyozishika na kuziunganisha nyaya hizo: kitovu ambako kebo inakutana na mikono miwili ya antena, choki inayozuia mkondo usitembee nje ya kebo, vihami vya kwenye ncha, yaani vipande visivyopitisha umeme, na koili, yaani waya uliozungushwa kwenye bomba, kwa yule ambaye kiwanja chake hakitoshi. Vipande hivyo huuzwa vikiwa tayari, lakini kwetu huwa ni vya kuagiza kutoka mbali na kwa gharama, ilhali karibu vyote vinaweza kutengenezwa nyumbani kwa bomba la PVC, waya wa umeme wa nyumba na kamba za wavuvi.

Antena yangu ya kwanza niliitundika Tanga, kati ya mnazi na mlingoti wa mianzi, na kwa miezi minne ilinifurahisha. Masika ilipokwisha, mita ya SWR, yaani kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, ilionyesha namba nzuri kuliko ya siku ya kwanza, lakini watu wa Nairobi na Dodoma niliokuwa nikizungumza nao kila jioni hawakunisikia tena. Nilipoishusha antena na kuichana kebo, nilikuta wavu wake wa shaba umekuwa mweusi kwa karibu mita tatu kutoka juu, na maji yakadondoka kiganjani. Yaliingilia pale nilipoichuna kebo kwenye kitovu na kuizungushia tepu ya kawaida. Kebo iliyolowa hula nguvu inapopanda na huila tena inaporudi, kwa hiyo nguvu inayorudi haifiki kwenye mita, na mita husema kila kitu ni chema. Tangu siku hiyo nimekuwa nikivitengeneza vipande hivi nikimfikiria adui mmoja mwenye majina mawili, maji na chumvi, na maelekezo yafuatayo yameandikwa kwa fikra hiyo.

Nitachukua mfano wa dipoli ya masafa ya megahezi 7.1, inayorusha hadi wati 100. Bendi hii ya mita 40, ambayo kwa Afrika inaanzia megahezi 7.000 hadi 7.200, ndiyo inayotufaa zaidi kwa mazungumzo ya mchana ndani ya Afrika Mashariki, na antena yake ikiwa chini ya mita 10 kutoka ardhini hutupa mawimbi mengi juu, yakarudi chini na kuifunika nchi nzima bila kuruka majirani. Kabla ya kurusha neno lolote hewani lazima uwe na leseni, ambayo hutolewa na TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, na UCC kwa Uganda.

Vipimo kabla ya kushika msumeno

Wimbi la redio husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo nusu ya urefu wa wimbi, kwa mita, hupatikana kwa kugawanya 150 kwa masafa ya megahezi. Waya halisi hauhitaji urefu wote huo, kwa sababu ncha zake huufanya uwe mrefu kiumeme kuliko unavyosoma futikamba, na ndiyo maana mafundi wa antena hutumia 143 badala ya 150. Ukigawanya 143 kwa 7.1 unapata mita 20.14, yaani mita 10.07 kwa kila mkono. Waya wenye ganda la PVC hutaka kupunguzwa zaidi, takriban asilimia 2 hadi 4, kwa kuwa ganda hilo hupunguza mwendo wa wimbi. Usiukate kwa hesabu hiyo siku ya kwanza. Kata mita 10.5 kwa kila mkono, ili upate cha kukunja kwenye kitovu na kwenye kihami, na kibaki cha kupunguza baada ya kupima.

Waya wa umeme wa nyumba wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Ukiweza kuchagua, chukua ule wa nyuzi nyingi badala ya ule wa uzi mmoja mgumu, kwa kuwa upepo wa kusi huutikisa waya usiku na mchana, na uzi mmoja unaokunjwa mahali pale pale hukatika ndani ya ganda bila mtu kuona. Liache ganda mahali pake. Kwenye pwani, shaba iliyo wazi hugeuka kijani kwa muda mfupi, na ganda hilo ndilo kinga ya bei nafuu kuliko zote.

Kitovu na choki katika bomba moja

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini choki inahitajika, maana wengi huiruka wakidhani ni pambo. Mikono miwili ya dipoli inalingana, lakini kebo ya koaksia haina pande zinazolingana: ina waya wa kati, na ina wavu unaouzunguka. Mkondo unaopanda kebo hutembea kwenye waya wa kati na kwenye uso wa ndani wa wavu. Unapofika juu, ule wa kwenye wavu hukuta njia mbili, moja ikiwa ni mkono wa antena na nyingine ikiwa ni uso wa nje wa wavu huo huo, unaoteremka hadi mezani kwako. Sehemu ya mkondo ikishika njia hii ya pili, kebo yenyewe hugeuka antena. Hapo ndipo maikrofoni inapouma mdomo unapozungumza, spika ya jirani inapokoroma, na kelele za chaja za simu na taa za LED zilizomo nyumbani zinapopanda kebo na kuingia kwenye redio yako. Choki huifunga njia hiyo ya nje bila kuugusa mkondo wa ndani.

Njia ninayoipenda ni ya kulifanya bomba moja la maji taka la PVC, lenye kipenyo cha milimita 110, kuwa kitovu na mahali pa kuzungushia choki kwa pamoja. Kata kipande cha sentimita 30, ukisugue kingo kwa msasa, ukioshe kwa sabuni, na ukikaushe. Vifaa vingine ni kifuniko cha bomba hilo, kebo ya koaksia aina ya RG-58 ya kutosha kufika kwenye redio pamoja na mita 6.4 za kuzungusha, bolti mbili za milimita 6 za chuma kisichoshika kutu pamoja na nati na washa zake, na vipete vya waya ambavyo mafundi huviita lagi. Bolti za kawaida zilizopakwa rangi ya fedha zisikudanganye, kwani karibu na bahari hushika kutu kabla ya mwaka kuisha, na kutu kwenye kiungo cha antena huleta mikwaruzo unaporusha na kelele unaposikiliza.

Toboa matundu kwa mpangilio huu, ukihesabu kutoka juu. Kwenye sentimita 7, chini kidogo ya mahali kifuniko kitakapoishia, weka matundu mawili yanayotazamana kwa ajili ya kamba ya kutundikia. Kwenye sentimita 10, kila upande, weka matundu mawili yaliyoachana kwa sentimita 3; waya wa antena utaingia tundu moja, utoke la pili na kujifunga wenyewe kwa mizunguko sita au saba, ili uzito wote na mvuto wote wa upepo ubebwe na plastiki, na kiungo cha risasi, yaani pale nyaya zinapochomewa pamoja, kisibebe chochote. Jambo hili ni la msingi: kiungo cha risasi hupitisha umeme, na hakikuumbwa kubeba mzigo. Kwenye sentimita 13, kila upande, toboa tundu la bolti. Kwenye sentimita 16 toboa tundu moja la kuingizia kebo, na kwenye sentimita 27 jingine la kuitolea.

Pitisha mwanzo wa kebo kutoka nje kuingia ndani kwenye tundu la sentimita 16, ukiacha kama sentimita 25 ndani, kisha uzungushe kebo iliyobaki nje ya bomba kuelekea chini, mzunguko mmoja ukigusa mwingine bila kupandana. Mita 6.4 hutoa mizunguko 17 au 18 na huchukua takriban sentimita 9 za bomba. Mzunguko wa kwanza na wa mwisho vikae mbalimbali. Wapo wanaoizungusha kebo ovyo kama kamba ya ng'ombe na kuifunga kwa tepu, lakini humo mzunguko wa kwanza hukaa jirani na wa mwisho, na mkondo hupata njia ya mkato ya kuruka kutoka mwanzo hadi mwisho. Bana kebo kwa vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya juu na chini. Choki ya namna hii ina indaktansi, yaani uwezo wa koili wa kupinga mabadiliko ya mkondo, ya takriban mikrohenri 29, nayo huuwekea mkondo wa nje kizuizi cha karibu omu 1,300 kwenye megahezi 7.1, kiasi kinachotosha kwa kazi yetu.

Sasa kazi ya ndani. Chuna sentimita 10 za ganda la nje, uusogeze wavu pembeni na kuusokota kama utambi, kisha uchune waya wa kati. Mdomo wa kebo, yaani pale ganda linapoishia, ndipo maji yalipoingilia kwangu, kwa kuwa nyuzi za wavu huyanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Kwa hiyo kebo ikiisha kuingia ndani ya bomba, ipandishe kidogo kisha uipinde kwa upole ili mdomo wake utazame chini. Choma lagi kwenye wavu na nyingine kwenye waya wa kati kwa pasi ya kuchomea risasi ya wati 60 au zaidi. Pasi ndogo hukulazimisha kushikilia joto kwa muda mrefu, na plastiki ya ndani ya RG-58 huyeyuka upesi hadi waya wa kati ukagusana na wavu. Tumia risasi ya mafundi wa redio yenye dawa yake ndani. Dawa ya tindikali ya mafundi bati hushikisha vizuri, lakini hubaki ikiila shaba.

Funga lagi za ndani na lagi za mikono ya antena kwenye bolti, waya wa kati upande mmoja na wavu upande wa pili, kisha uuzungushie mdomo wa kebo tepu ya mpira ile inayojishika yenyewe ikivutwa, na juu yake tepu nyeusi ya umeme ili jua lisiitafune. Ukitumia silikoni, inuse kwanza. Silikoni inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huanza kuila shaba siku hiyo hiyo. Tafuta isiyo na harufu hiyo. Weka kifuniko juu na uache chini wazi. Boksi lililozibwa pande zote hukusanya umande usiku na hauna pa kutokea, lakini bomba lililo wazi chini hujikausha lenyewe.

Wapo watakaokosa RG-58 na kuipata kebo ya televisheni ya RG-6 kwa urahisi. Hiyo ni ya omu 75, na dipoli iliyo mbali na ardhi ina takriban omu 73, kwa hiyo vinaelewana. Kwenye redio ya omu 50, SWR itasoma 1.5 hivi, na redio nyingi huikubali. Tatizo lake ni wavu wa alumini usioshika risasi, kwa hiyo utumie viunganishi vyake vya kubana, usilazimishe kuuchoma. Vilevile kebo hiyo ni nene na ngumu, na haipendi kupindwa kwa nguvu.

Choki ya pete za feraiti

Choki ya bomba ni nzuri kwa bendi moja au mbili zilizo karibu. Anayetaka choki moja ifanye kazi kuanzia megahezi 3.5 hadi 28 atumie pete ya feraiti, kitu kigumu cheusi kama kauri kinachotengenezwa kwa oksidi ya chuma. Pete inayojulikana zaidi ni FT240 ya mchanganyiko namba 31 au 43, yenye kipenyo cha milimita 61. Mizunguko 10 hadi 12 ya RG-58 kupitia katikati yake huleta kizuizi kikubwa kuliko bomba, na sehemu kubwa ya kizuizi hicho ni ukinzani halisi, ambao hautegemei sana masafa. Kila mara kebo inapopita katikati ya tundu huhesabiwa mzunguko mmoja.

Hapa naomba msomaji awe mwangalifu sana, maana ndipo watu wengi hupotea. Ukifungua pawasaplai ya kompyuta iliyokufa utakuta pete nzuri ya rangi ya manjano yenye upande mmoja mweupe, na utashawishika kuitumia. Hiyo si feraiti. Ni unga wa chuma uliotengenezwa kwa ajili ya masafa ya chini, na kwenye choki ya antena haisaidii. Kinachofaa kutoka kwenye vifaa vilivyokufa ni yale mavimbe meusi yaliyo kwenye nyaya za skrini na za chaja za kompyuta, kwa kuwa ndani yake mna feraiti iliyokusudiwa kuzuia kelele. Kusanya kadhaa yenye tundu linalopitisha kebo mara mbili au zaidi, uyapange mfululizo kwenye kebo karibu na kitovu. Kwa kuwa hujui mchanganyiko wake, yajaribu: rusha wati 20 kwa dakika moja, zima redio, kisha uyaguse. Yakiwa vuguvugu tu, endelea. Yakiwa ya moto, ongeza mengine au mizunguko kabla ya kupandisha nguvu.

Vihami vya ncha

Kwenye kitovu mkondo ni mkubwa na volti ni ndogo. Kwenye ncha mambo hugeuka, mkondo hukaribia kuisha na volti hupanda hadi mamia kadhaa kwa redio ya wati 100. Kamba kavu ingeweza kuhimili, lakini kamba iliyolowa maji yenye chumvi hupitisha umeme, na ndipo ncha ya waya huanza kuunguza kamba.

Kata vipande vya sentimita 12 kutoka kwenye bomba la PVC la milimita 20, au kutoka kwenye kibao cheupe cha plastiki cha kukatia mboga, ambacho kwa maoni yangu ni bora zaidi: hakinyonyi maji, hakipasuki kikitobolewa, na maji huteleza juu yake. Toboa tundu kila upande, sentimita 1.5 kutoka kwenye ukingo, kisha uyalainishe matundu kwa ncha ya kisu ili yasikate waya wala kamba. Mbao usizitumie, hata zikipakwa rangi. Ukiwa na shaka na plastiki uliyookota, na nyumbani pana oveni ya maikrowevu, iweke ndani pamoja na glasi ya maji kwa dakika moja. Plastiki ikitoka na joto la kuhisika, ina kitu ndani yake kinachokula mawimbi, iache. Jua la kwetu nalo huila PVC taratibu, kwa hiyo vihami vinavyoanza kuwa na unga mweupe juu vibadilishwe mapema.

Koili kwa kiwanja kifupi

Mita 20 za uwazi hazipatikani Kariakoo, Mombasa mjini, wala kwenye nyumba nyingi za kupanga. Mkono wa mita 5 unaweza kufanywa utende kama wa mita 10 kwa kuweka koili katikati yake, lakini ni haki kusema mapema kwamba malipo yapo: upana wa masafa unaotumika bila kurekebisha huwa mdogo, na sehemu ya nguvu hupotea ndani ya koili kama joto. Hata hivyo antena fupi iliyo hewani inashinda ndefu iliyo kichwani.

Kwa mkono wenye mita 2.5 ndani, kisha koili, kisha mita 2.5 nje, hesabu hutoa mikrohenri 23 hivi kwa kila koili. Ili kujua idadi ya mizunguko, chukua kipenyo cha koili kwa sentimita, ukizidishe kwa chenyewe, kisha uzidishe kwa idadi ya mizunguko iliyozidishwa kwa yenyewe. Jibu hilo uligawanye kwa jumla ya mara 46 ya kipenyo na mara 102 ya urefu wa koili, vyote kwa sentimita, na utapata mikrohenri. Mfano wetu ni bomba la PVC la milimita 50 na waya wa milimita za mraba 1.5 ambao pamoja na ganda una unene wa milimita 3, kwa hiyo kipenyo cha katikati ya waya ni sentimita 5.3. Mizunguko 31 iliyogusana huchukua sentimita 9.3. Sehemu ya juu ya hesabu ni 5.3 mara 5.3 mara 31 mara 31, ambayo ni takriban 26,994. Ya chini ni 244 kujumlisha 949, yaani 1,193. Jibu ni mikrohenri 22.6. Inatosha, kwa sababu marekebisho ya mwisho hufanywa kwa kukata ncha za nje.

Kila koili itakula zaidi ya mita 5 za waya, karibu sawa na waya uliopunguzwa mkononi. Wengi wakiona hivyo hudhani ndiyo kanuni, kwamba chochote ulichopunguza ukizungushe tu kwenye bomba lolote. Sivyo. Bomba likiwa nene au jembamba, au koili ikisogezwa karibu na kitovu, urefu huo hubadilika, kwa hiyo fuata hesabu ya mikrohenri, usifuate urefu wa waya.

Kata bomba sentimita 16, ubakize nafasi ya matundu mawili ya kujifunga waya kila upande kama tulivyofanya kwenye kitovu, ili koili isivutwe ikaachana. Zungusha kwa mkono uliokaza, mtu wa pili akikushikia bomba, na umalizie kwa kuipaka koili nzima vanishi ya nje ya mbao au kuizungushia tepu ya mpira. Usiizibe ndani ya bomba jingine lililofungwa pande zote, kwa sababu ile niliyoieleza ya umande.

Kupandisha, kupima na kupunguza

Kabla ya kupandisha, shika mita ya kawaida ya umeme na upime ukiwa chini. Kati ya waya wa kati na wavu, kwenye ncha ya kebo inayoingia redioni, pasiwe na mawasiliano kabisa. Kati ya waya wa kati na ncha ya mkono wake pawe na mawasiliano kamili, na vivyo hivyo kati ya wavu na ncha ya mkono wa pili. Tikisa kitovu huku ukitazama mita. Ikichezacheza, kiungo kimoja hakijashika. Kiunganishi cha PL-259 upande wa redio ukichome vilevile kwa uangalifu, maana hicho nacho ni kiungo kama vingine.

Katika maduka ya zana za uvuvi utapata kapi ndogo na kamba ya sintetiki isiyooza. Funga kapi juu ya mlingoti au mnazi, upitishe kamba, na uipandishe antena kama tanga, kwa sababu antena isiyoweza kushushwa haitakaguliwa kamwe. Mnazi huyumba mita nzima kaskazi ikivuma. Ukiufungia waya moja kwa moja utakatika. Upande huo acha kamba iteremke kupitia kapi ikiwa imefungiwa dumu la lita 3 lenye mchanga, linalopanda na kushuka mti unapoyumba. Ukiwa na mlingoti mmoja tu, pandisha kitovu na uteremshe mikono kama paa la nyumba, pembe kati ya mikono isipungue nyuzi 90, na ncha zikae juu ya mita 3, mahali ambapo mtoto hafiki, kwa sababu ya zile volti nilizozitaja. Kagua kwanza ziko wapi nyaya za umeme za mtaani. Antena isipite juu yake, isipite chini yake, na isiwe karibu kiasi kwamba mlingoti ukianguka utazigusa. Mafundi na waendeshaji wa redio wamekufa kwa kosa hili.

Kabla ya kebo kuingia dirishani, iache ining'inie kitanzi kidogo cha kwenda chini ya kizingiti kisha ipande, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuifuata kebo hadi ndani.

Pima SWR kwa wati 5 hadi 10, au kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, ikiwa unayo au unaweza kuazima. Tafuta masafa ambayo SWR ni ndogo kuliko mahali pengine pote. Ikiwa ni chini ya 7.1, antena ni ndefu, na kipimo kipya cha mkono ni urefu wa sasa mara masafa uliyoyapata gawanya kwa masafa unayoyataka. Mkono wa mita 10.35 unaoitikia 6.9 unatakiwa uwe 10.35 mara 6.9 gawanya kwa 7.1, yaani mita 10.06. Usikate tofauti yote mara moja; kata nusu yake pande zote mbili sawasawa, pandisha, upime tena, maana ardhi, mabati ya paa na miti vina neno lao. Kwa antena yenye koili kata sentimita 2 au 3 tu kwa wakati, kwenye sehemu ya nje, kwa kuwa masafa yake huruka mbali kwa mabadiliko madogo.

Andika kwenye daftari SWR ya masafa matatu, megahezi 7.0, 7.1 na 7.2, pamoja na tarehe na hali ya hewa. Daftari hilo ndilo lingeniokoa mimi: namba zikibadilika kuwa mbaya, kuna kiungo kilichoachia au waya uliorefuka, zikibadilika kuwa nzuri pasipo wewe kugusa chochote, shusha antena siku hiyo hiyo na uchane sentimita chache za juu za kebo. Shaba ikiwa bado inang'aa, tafuta kosa pengine. Ikiwa imeanza kuwa nyeusi, kata hadi ufike penye shaba safi na ukitengeneze kitovu upya. Mawingu ya radi yakionekana, chomoa kebo kwenye redio na uiweke nje ya dirisha, usisubiri ngurumo. Na mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, teremsha vyote kwa kapi, osha vihami na kitovu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kaza bolti, badilisha tepu iliyochoka, kisha upandishe tena na kulinganisha namba na zile za daftarini.